Saadani, mbuga inayoishia baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitoka Saadani naulizwa maswali yaleyale, mengine ya maana, mengine ya utani, na swali la tembo wanaooga baharini halikosi. Nimeyakusanya hapa. Ukisoma utaona majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja: maji ya chumvi yanafika wapi, na yanafika mara ngapi. Ukishalijua hilo, hata mti usioujua jina utaweza kukisia kwa nini umesimama pale uliposimama.

Saadani iko wapi hasa?

Pwani ya Tanzania, kati ya Bagamoyo na Pangani, mkabala na kisiwa cha Unguja. Sehemu yake iko Mkoa wa Pwani na sehemu Mkoa wa Tanga. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 1,100. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Ni kweli ni hifadhi pekee nchini inayogusa bahari?

Kwa Tanzania Bara, ni kweli Saadani ndiyo ya nchi kavu inayoshuka hadi kwenye Bahari ya Hindi, ukiacha hifadhi za bahari zenyewe. Wanaosema "Tanzania nzima" wanaisahau Jozani na Ghuba ya Chwaka kule Unguja, nayo ina mikoko yake na bahari yake. Hili huwaudhi baadhi ya waongoza watalii, lakini ramani haidanganyi.

Mbona inaitwa ardhi oevu, na picha zote ni nyasi na twiga?

Kwa sababu wapiga picha wanapenda twiga. Ardhi oevu si kinamasi cha matete peke yake. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, uliotiwa saini Iran mwaka 1971, unahesabu pia mikoko, milango ya mito, mabwawa ya chumvi, na hata bahari yenyewe pale ambapo kina hakizidi mita sita maji yakiwa yamekupwa. Kwa kipimo hicho, ukanda mzima wa Saadani upande wa bahari ni ardhi oevu. Mlango wa Mto Wami nao umo.

Na hata zile nyasi zina jambo lao. Neno "mbuga" tunalitumia siku hizi kwa hifadhi yoyote yenye simba, lakini kwa asili yake ni uwanda wa udongo mweusi unaotuama maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Saadani ina mbuga za namna hiyo hasa. Nenda Aprili uone kama utauliza tena.

Saadani haimo, hata hivyo, katika orodha rasmi ya Ramsar. Maeneo ya Tanzania yaliyoorodheshwa ni manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa.

Nikianzia ufukweni nikaelekea bara, nitaona nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Anza maji yakiwa yamekupwa. Mbele yako ni mchanga na tope, vitwitwi wakikimbia huku na huko. Panda kidogo, penye mchanga mkavu: utaukuta mlakasa, mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika kama kwato la mbuzi. Ndio unaoushika mchanga usipeperuke. Nyuma yake mivinje, hapa na pale mkadi.

Palipo na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, au mlango wa mto, mchanga unakatika na mikoko inaanza. Nyuma ya mikoko kuna jambo linalowashangaza wengi: uwanda mtupu, mweupe, hakuna mti. Mgeni hudhani watu wameufyeka, kumbe hakuna aliyeugusa. Maji ya bahari hufika pale siku za bamvua tu, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kisha yanakauka kwa jua na kuacha chumvi. Mkoko unaooshwa na maji kila siku unaishi raha kuliko mti wa pale, kwa sababu chumvi ya pale haiondoki, inarundikana. Pembezoni huota vimmea vifupi vyenye majani manene yaliyojaa maji, basi.

Ukiuvuka uwanda huo, ardhi inapanda kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na nyasi zinaanza. Mikoche, mivumo, mkwaju mmoja mmoja, mbuyu. Kisha vichaka vya miiba. Mwisho kabisa, upande wa kusini magharibi, ardhi inainuka kuwa uwanda wa juu na unaingia Zaraninge, msitu wa pwani wenye giza na unyevu, makazi ya mbega. Bahari mpaka msitu, yote ndani ya siku moja. Hifadhi nyingi kubwa na maarufu kuliko hii haziwezi kukupa hilo.

Mikoko si aina moja ya mti?

Hapana. "Mikoko" ni jina la jumla, na humo ndani kila mti una jina lake, tabia yake na kazi yake. Wavuvi wanazijua tofauti hizo kuliko vitabu.

Mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi, ni mlilana. Mbao zake zilitumika kuchongea mataruma, yaani mbavu, za majahazi. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Huu ndio uliotoa boriti. Halafu msinzi, halafu mkandaa, ambao magome yake yalitumika kutia rangi na kukazia ngozi. Penye maji yaliyopunguzwa chumvi na mto utakuta mkomafi, wenye tunda kubwa la duara, na juu zaidi msikundazi, ambao mizizi yake imesimama kama mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu.

Mchu haufuati mstari. Utaukuta mbele na utaukuta nyuma kabisa, kwenye chumvi ambako wenzake wameshindwa. Siri yake unaweza kuionja: chuma jani moja asubuhi kabla jua halijakali, ligeuze, lilambe. Chumvi tupu! Mchu unaiingiza chumvi mwilini kisha unaitoa kupitia majani, na ukiinamisha jani kwenye mwanga utaona chembe zake zinameta. Mkoko hauna mtindo huo, wenyewe unaizuia chumvi nyingi mlangoni, kwenye mizizi. Mara ya kwanza nilipolambishwa jani hilo nilidhani babu aliyekuwa akitupeleka kwa mtumbwi ananifanyia mzaha. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, huyu mti analia jasho kama wewe."

Vile vijiti vinavyochomoza matopeni ni miche?

Ni mizizi. Tope la mikoko halina hewa, ndiyo maana linanuka kama yai bovu ukilivuruga, kwa hiyo mizizi inapanda juu kuifuata hewa. Ya mchu ni myembamba kama penseli, ya mlilana ni minene na imechongoka kama pia. Usiikanyage. Ukiiharibu ni kama kumziba mtu pua.

Miche ni ile inayoning'inia mtini. Mbegu ya mkoko huotea juu kwa mama yake, ikarefuka kama ganda la mlonge, kisha ikaanguka ikiwa tayari mche. Ikibahatika inachoma tope na kusimama pale pale. Isipobahatika, inaelea hadi itakapokwama.

Kuna viumbe gani humo matopeni?

Kaa wengi. Dume mmoja mdogo ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, analipunga kutwa kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Kaa koko, yule mkubwa anayeliwa, anajificha shimoni. Tondo, konokono wa mikokoni, wametapakaa chini ya miti wakila majani makavu. Utaona pia samaki mwenye macho ya chura akitembea juu ya tope kwa mapezi, na kupanda mizizi maji yanapojaa, kana kwamba anaogopa kulowa.

Kamba unaowakuta sokoni walikua humu. Hutagwa baharini, lakini wakiwa wachanga huingia mikokoni ambako chakula ni kingi na samaki wakubwa hawapiti kirahisi. Ndiyo maana eneo la mlango wa Wami linasifika kwa kamba.

Tembo huoga baharini kweli?

Hufika ufukweni, ndiyo. Ila ukija na picha ya tembo akicheza na mawimbi kila jioni, utarudi na kinyongo. Mimi nimeona nyayo zao mchangani asubuhi, mashimo ya duara yaliyojaa maji ya bahari na kaa wadogo wameshahamia ndani, na hilo nalihesabu kuwa nimeona. Tembo wa Saadani ni waoga wa watu. Wanatembea usiku au alfajiri, na gari likikaribia wanapotea vichakani.

Basi ni wanyama gani nitawaona bila kubahatisha?

Twiga, nyani, ngiri, kuro, tohe. Kuro ni yule swala mkubwa mwenye duara jeupe makalioni kama amekalia rangi mbichi. Haendi mbali na maji, na ngozi yake ina mafuta yenye harufu kali. Tohe hukaa kwenye nyasi ndefu, anasubiri hadi umkaribie kabisa ndipo anafyatuka huku akipiga mluzi. Nyati na kongoni huonekana mara kwa mara. Palahala, mwenye pembe zilizopinda nyuma kama upanga, anahitaji subira. Simba na chui wapo lakini ni wachache, na nyasi zikiwa ndefu hata akiwa mita kumi kutoka kwako hutamwona.

Ukitaka simba watano kabla ya chai, nenda Serengeti.

Viboko na mamba wa Wami wanaishi kwenye maji ya chumvi?

Wanaishi palipochanganyika. Mto Wami unakusanya maji yake mbali bara, kwenye milima ya Ukaguru na Nguru na hata uwanda wa Dodoma, ukifika hapa unakutana na bahari inayopanda mara mbili kwa siku. Maji ya chumvi ni mazito, hupita chini kama kabari, na yale matamu yanaelea juu. Kwa hiyo mstari wa chumvi hautulii: maji yakijaa unasogea bara, yakipwa unarudi. Masika mto ukiwa na nguvu unausukuma nje kabisa.

Kiboko hujali kina na majani ya kula usiku, chumvi kidogo haimsumbui, mradi apate maji matamu ya kunywa. Anapanda kingoni jioni, anakula hadi alfajiri, kisha anarudi na kujisaidia majini, na kinyesi hicho ni chakula cha samaki. Mamba naye huvumilia chumvi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Naweza kuogelea?

Ufukweni mbali na mto, uliza wenyeji. Mtoni au karibu na mlango wa mto, hapana, hata kama maji ni ya kiunoni na hata kama umeona watoto wanaoga.

Heroe (flamingo) wapo?

Mara nyingi, kwenye mabwawa ya kuvunia chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa mapana, jua linayakausha hatua kwa hatua, na yanapozidi kukolea huzaa mwani na vijidudu ambavyo heroe huvichuja kwa mdomo akiwa amekiinamisha kichwa juu chini. Rangi yake ya waridi inatoka kwenye chakula hicho. Hawatagi hapa. Heroe wa aina ile ndogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa Ziwa Natron, na Saadani ni meza yao tu. Siku wakiamua kwenda kwingine, hawaagi.

Na ndege wengine?

Kati ya Septemba na Aprili ufukwe unajaa wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Sululu utamjua kwa mdomo mrefu uliopinda, sawasawa na sululu ya kuchimbia, na anaitumia kazi ileile: anaichomeka tundu la kaa hadi mwisho. Mtoni kuna furukombe, mdiria wa namna nyingi, keremkerem waliotoboa mashimo kingoni, na yangeyange. Piga boti asubuhi mapema, mtu wa nyuma azime injini mara kwa mara. Utasikia zaidi ya utakachoona.

Kasa hutaga wapi na naweza kuwaona?

Ufukwe wa Madete, upande wa kaskazini wa hifadhi, ni mahali pa kasa wa kijani. Jike hupanda usiku maji yakiwa yamejaa, anachimba kwa mapezi ya nyuma, anataga mayai mia moja au zaidi, anafukia, anarudi baharini. Asubuhi unaona alama kama za tairi la trekta, njia moja ya kupanda na moja ya kushuka. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka, kwa kawaida usiku, na kuufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa ya nyumba au ya simu inawapoteza. Jambo lingine: joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia, mchanga ukiwa na joto zaidi majike wanakuwa wengi.

Kuwaona kunawezekana ukiwa na askari wa hifadhi, bila tochi nyeupe na bila kupiga picha kwa mwanga. Usiende peke yako usiku. Si kwa ajili ya kasa tu. Ufukwe huo una wenyewe, tulishasema habari ya nyayo.

Ukiwa Pangani uliza pia kuhusu Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wengi, kikatangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale inabidi yahamishiwe bara yasizame. Ukimaliza kulisikia hilo utautazama mlakasa kwa jicho lingine.

Ile miti ya miiba iliyojaa upande wa Mkwaja ni ya asili?

Ni ya asili ya pwani, lakini wingi ule umetokana na binadamu. Huko Mkwaja, kaskazini ya hifadhi, palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe iliyohangaishwa miaka mingi na mbung'o na ugonjwa wa nagana, ikafungwa mwaka 2000. Ng'ombe walikula nyasi zikapungua, moto ukakosa kuni, na migunga ikapata mwanya. Migunga hiyo ina miiba iliyovimba kama vibuyu vidogo, ndani wanaishi sisimizi. Gusa tawi uone wanavyotoka. Palipokuwa na mazizi, samadi ya zamani bado inaotesha majani matamu, kwa hiyo ukitafuta ngiri na swala anzia hapo.

Watu wanaishi humo?

Kijiji cha Saadani kipo, na ni cha zamani kuliko hifadhi kwa karne nzima na zaidi. Ulikuwa mji wa bandari ya misafara iliyotoka bara kuelekea Unguja. Mtawala wake, Bwana Heri, aliwapinga Wajerumani tangu 1888 hadi 1890, na mji ukapigwa mizinga kutoka baharini. Masalia yapo. Wenyeji leo ni wavuvi zaidi, na wanajua saa ya maji kabla hawajaangalia saa ya mkononi.

Mikoko inaruhusiwa kukatwa?

Ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na nje yake inahitaji kibali kwa sababu mikoko ya Tanzania ni msitu wa akiba. Zamani boriti zilijaza majahazi hadi Arabuni. Ukiingia nyumba ya mawe ya kale mahali popote pwani ya Waswahili ukakuta vyumba virefu lakini vyembamba, usimlaumu fundi. Upana wa chumba ni urefu wa boriti.

Niende mwezi gani?

Juni hadi Februari kwa ujumla. Ukitaka wanyama, Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi. Ukitaka ndege wa kaskazini, subiri kaskazi. Aprili na Mei achana napo.

Gari dogo linafika?

Kiangazi hadi kijijini, pengine. Kwenye njia za ndani, hapana. Mwaka mmoja nilijifanya mjuaji, mvua ya dakika ishirini ikanikuta kwenye udongo mweusi. Magurudumu yalivaa tope hadi yakawa laini kama maandazi, tukalala garini watu wanne na mbu wasiohesabika. Waliotuvuta asubuhi walikuwa na heshima ya kutosha kutocheka hadi tulipoanza kucheka wenyewe.

Mbung'o je?

Wapo vichakani. Vaa nguo za rangi ya mchanga, ziache bluu na nyeusi nyumbani kwa kuwa zinawaita. Kwa mbu, dawa ya kujipaka na chandarua, na kinga ya malaria kama daktari atakavyokushauri.

Naruhusiwa kuokota makombe na simbi?

Hapana. Kaa wasio na gamba lao wanazihamia.

Nina siku moja tu. Niitumie vipi?

Kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza maji yanajaa saa ngapi. Saa ya kujaa hubadilika kwa dakika hamsini hivi kila siku, kwa hiyo ratiba ya rafiki yako aliyekwenda wiki iliyopita haikufai. Maji yakijaa asubuhi, anza na Wami: boti inaingia hadi ndani ya hori na mikoko unaiona usoni. Mchana wakati yanakupwa, shuka ufukweni utazame kaa na sululu. Gari liwe la jioni, kuro wanapotoka. Na ukiwa botini usizidishe muda wa kupiga picha viboko. Maji yakianza kutoka hayakungoji, na pale mlangoni kuna fungu la mchanga ambalo nahodha wangu amelisukumia boti kwa mabega mara mbili, nami nikiwa nimeshika viatu vya watu wote.